Kwa nini picha za katuni za mashujaa wa zamani zina nguvu kuliko za leo?

#1 Mchoraji wa Langoni

Assalaamu alaykum, wanabaraza.

Mimi ni mchoraji wa katuni hapa Lamu. Riziki yangu inatokana na kuandika majina kwenye majahazi, kuchora mabango ya maduka na kupamba kuta za nyumba za wageni, lakini mapenzi yangu makubwa ni vitabu vya katuni vya mashujaa wa Kimarekani vilivyotoka kuanzia mwaka 1938 hadi miaka ya 1970: vile vya karatasi ya gazeti na rangi bapa, vilivyouzwa senti kumi na baadaye senti kumi na mbili.

Nina dai, nami nataka lipingwe au lithibitishwe na wanaojua. Picha zile zina nguvu ambayo siioni katika vitabu vingi vya siku hizi, ingawa vya siku hizi vina karatasi inayong'aa na vivuli vya kila namna. Tazameni jalada la toleo la kwanza la Captain America Comics, lenye tarehe ya Machi 1941, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Shujaa anampiga Hitler ngumi ya taya, askari wanafyatua risasi, ngao inakinga, na jicho la msomaji linajua pa kuanzia na pa kwendea. Jalada hilo lilikuwa madukani karibu mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, na wachoraji wake wawili, ambao walikuwa Mayahudi, walijua wanachokisema.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Ninauliza kwa sababu nimeanza kuchora kisa cha Fumo Liyongo kwa mtindo huo, na kila ukurasa ninaoumaliza kwenye tableti unatoka safi lakini umelala.

#2 Fundi Chapa (Malindi)

Wa alaykum salaam. Kazi yangu ni uchapaji, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa mtambo.

Vitabu vile vilichapwa kwa wino wa aina nne tu: manjano, waridi iliyokolea, samawati na nyeusi. Kila mojawapo ya zile tatu za mwanzo ilitumika kwa robo, kwa nusu au kwa ukamilifu wake, na ukihesabu pia kutotumika kabisa unapata hali nne. Nne mara nne mara nne ni 64. Hizo ndizo rangi zote alizokuwa nazo mpakaji. Alipaka nakala ya mfano, akaandika herufi na namba kwenye kila sehemu, kisha nakala ikapelekwa kwenye karakana kama ile ya Bridgeport, Connecticut, ambako wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliandaa kwa mkono filamu ya kila rangi. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo ilichapwa Sparta, Illinois.

Sasa fikirini matokeo yake. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na kuutawanya, hivyo mstari mwembamba mno hukatika, na mistari iliyobanana huungana ikawa doa. Rangi nazo mara nyingi hazikukaa sawasawa ndani ya mistari yake. Mchoraji aliyeyajua hayo alilazimika kuchora umbo linalosomeka hata kama mtambo ungemharibia nusu ya kazi, na ndiyo sababu Kirby alichora mikono mikubwa inayokujia usoni. Tableti haikulazimishi lolote kati ya hayo, Bwana Mchoraji.

#3 Bint Mkomani

Ninamheshimu Fundi Chapa, lakini nadhani ameanzia mwisho wa kazi badala ya mwanzo wake. Kabla mtambo haujagusa chochote palikuwa na mtu mwenye brashi na wino mweusi.

Mimi huchora piko na hina kwa mabiharusi. Ukishaweka mstari kwenye kiganja hakuna kufuta. Unavuta pumzi, unashusha mkono na kuupeleka mpaka mwisho, na mstari unaanza mwembamba, unanenepa kwenye mpindo, kisha unafifia. Nilipoonyeshwa kurasa za Steve Ditko, aliyemchora Spider-Man katika Amazing Fantasy toleo la 15 la Agosti 1962, kitu cha kwanza nilichokitambua ni hicho: vidole vile vilivyopinda vimechorwa na mkono ambao haukusita. Wapakaji wino wengi wa zama hizo walitumia brashi ya manyoya ya Winsor & Newton ya safu ya saba, ambayo ncha yake hujikusanya ikawa kali, na ambayo hujibu uzito wa mkono papo hapo.

Kwenye tableti unaweza kurudi nyuma hatua mia. Mkono unaojua kwamba unaweza kurudi huchora kwa woga, hata mwenyewe asipojua.

#4 Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Wanangu, mnazungumzia wino na brashi, lakini mimi nadhani jambo lenyewe ni umri. Superman alipoanza mwaka 1939 watoto wa Marekani walikuwa wametoka katika miaka ya dhiki, wakahitaji mtu mwenye mabavu anayesimama upande wao. Nasi tulipovipata vitabu hivyo tulikuwa wavulana, na kila unachokisoma ukiwa mvulana hubaki kikubwa.

Kwetu, kusema kweli, aliyeshika nafasi ya kwanza hakuwa hata mtu wa kuchorwa. Alikuwa Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika wa hadithi za picha za kamera katika gazeti la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum, mwenye kofia yake na sigara yake. Nakala moja ilipita mikononi mwa darasa zima hadi jalada likang'oka. Leo nikiiona nasisimka, lakini sitasema kwamba ilipigwa picha kwa ustadi kuliko sinema za sasa.

#5 Kijana wa Maweni

Shikamoo, Mwalimu. Naomba kurekebisha tarehe kwa heshima zote. Superman alitoka katika Action Comics toleo la kwanza, lenye tarehe ya Juni 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster. Aliyetoka mwaka 1939 ni Batman, katika Detective Comics toleo la 27 la mwezi Mei, wa Bob Kane na Bill Finger.

Hoja ya umri hainitoshi, na mimi mwenyewe ni ushahidi. Nimezaliwa katika zama za simu, katuni zangu za utotoni zilikuwa za televisheni, na vitabu hivi vya zamani nimevijua nikiwa mtu mzima, kwa kuviona kwenye kioo. Sina kumbukumbu yoyote ya utotoni ya kuvipamba, na bado vimenishika. Kwangu mimi uzuri uko kwenye vile vidoti vidogo vya rangi vinavyoonekana katika uchapaji wake, alivyovibuni mchoraji wa Marekani Roy Lichtenstein.

#6 Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Marahaba, mwanangu. Tarehe nimeipokea, nami nakushukuru. Ila wewe uliyevipenda ukubwani umevipenda kwa sababu gani? Vidoti peke yake havimshiki mtu mpaka usiku wa manane.

#7 Fundi Chapa (Malindi)

Kijana, vidoti havikubuniwa na Lichtenstein. Ufundi huo unabeba jina la Benjamin Day, mchapaji na mchoraji wa Marekani aliyeuanzisha mwaka 1879, ili rangi moja ya wino ionekane nyepesi au nzito bila kuchanganywa. Lichtenstein aliutazama kwa karibu, akaukuza na kuuchora juu ya turubai kubwa. Picha yake ya Whaam! ya mwaka 1963, iliyopo katika jumba la sanaa la Tate huko London, imetokana na fremu moja iliyochorwa na Irv Novick katika All-American Men of War toleo la 89 la mwaka 1962.

Ninalisema hili kwa uchungu kidogo. Jina la Novick wanalijua wachache, ilhali aliyekopa fremu yake anafundishwa katika vyuo vya sanaa duniani kote.

#8 Mchoraji wa Langoni

Uchungu huo ninao pia, Fundi, na si kwa Novick peke yake. Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Miongo ikapita, filamu kubwa ikaanza kuandaliwa, na ndipo mwaka 1975, baada ya wachoraji wenzao wakiongozwa na Neal Adams kupaza sauti, wakapewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Shuster alikuwa tayari ana macho mabovu. Mtu akiniuliza kwa nini ninapenda picha hizi, sehemu ya jibu ni kwamba nawaona watu waliofanya kazi usiku kucha kwa malipo ya ukurasa, bila jina, na bado hawakuchora kwa ulegevu.

Dada Bint Mkomani, hoja yako ya mkono usiorudi nyuma imeniingia. Nitaijaribu.

#9 Baharia Mstaafu

Mimi si mchoraji, ila nataka kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: vitabu hivi vilifikaje pwani yetu? Marehemu kaka yangu aliacha kadhaa, na kimoja kina bei ya Kiingereza, peni tisa, iliyochapwa juu ya jalada. Hapa kwetu wakati huo fedha ilikuwa shilingi na senti za Afrika Mashariki, kwa hiyo kitabu hicho hakikukusudiwa kuuzwa hapa. Naamini vililetwa na mabaharia, vikashuka Kilindini na kupanda mashua kuja kaskazini.

#10 Binti Ngomeni

Ami Baharia, hiyo peni tisa inaonyesha njia ya Uingereza. Uingereza ilizuia uingizaji wa vitabu hivi vya Marekani kwa miaka mingi baada ya vita; ulipofunguka mwaka 1959 vilianza kuingia kwa wingi, vingine vimechapwa bei ya peni na vingine vimepigwa muhuri wa bei juu ya jalada. Huenda aliyeleta cha kaka yako alikuwa mwalimu au ofisa wa Kiingereza, si lazima baharia.

Lakini kwetu Ngomeni historia ni nyingine kabisa. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi baharini, jukwaa la San Marco, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa kuheshimu sikukuu yetu, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei ya angani. Baba yangu alifanya kazi jikoni kwa mafundi hao, na walipokuwa wakirudi kwao walimwachia vitabu vya picha vya Kiitaliano. Hatukujua lugha, tukazisoma picha. Nilimjua Phantom, yule Mtu wa Barakoa anayeishi kwenye pango la fuvu, kwa mavazi yake mekundu.

#11 Mjukuu wa Duka la Mkunguni

Mavazi mekundu? Dada yangu, nadhani umemchanganya na mtu mwingine. Phantom huvaa zambarau. Babu yangu aliviuza vitabu hivyo dukani. Vilitoka India, mfululizo wa Indrajal ulioanzishwa mwaka 1964 na kampuni ya gazeti la Times of India, na kwa miaka mingi shujaa wake mkuu alikuwa huyo Phantom. Vilikuja Mombasa pamoja na bidhaa nyingine za Kihindi na kufika hapa Lamu kwa majahazi. Kama kuna njia moja kuu ya kuelezea vitabu vya picha katika pwani hii, ni maduka ya Wahindi, wala si mabaharia wala mafundi wa roketi.

#12 Fundi Chapa (Malindi)

Nyote wawili mmeona sawasawa, na sababu ni ya kiuchapaji, jambo ambalo linanifurahisha mno. Lee Falk alimwanzisha Phantom tarehe 17 Februari 1936 katika magazeti ya kila siku, ambayo yalikuwa ya nyeusi na nyeupe, naye mwenyewe alimwazia katika mavazi ya kijivu. Rangi ilipohitajika kwa magazeti ya Jumapili mwaka 1939, Wamarekani walimpaka zambarau. Wachapaji wa nchi nyingine hawakuwa na sababu ya kufuata hilo: Italia ilimpaka nyekundu, na nchi za Skandinavia zikampaka buluu. Kwa hiyo Binti Ngomeni akikumbuka nyekundu, kumbukumbu yake inaunga mkono kwamba vitabu vya baba yake vilitoka Italia.

#13 Mjukuu wa Duka la Mkunguni

Nimekubali kwamba mwekundu yupo. Sijakubali kwamba alifika Lamu.

#14 Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Ninawaomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu tunamtaja huyu Phantom kwa mapenzi bila kusema alikuwa nani. Ni Mzungu anayekaa msituni kizazi baada ya kizazi, wenyeji wakimwogopa na kumtii kwa kuamini kwamba hafi. Nchi yake ya kubuni ilianza ikiwa upande wa Asia, kisha waandishi wakaihamishia Afrika bila shida, kana kwamba watu wetu na watu wa Asia ni kitu kimoja. Hata Will Eisner, ambaye wachoraji wanamheshimu kwa haki, alimpa shujaa wake wa mwaka 1940, The Spirit, msaidizi mweusi aliyechorwa kwa midomo na macho ya dhihaka. Na ule ufundi wa rangi 64 ambao Fundi ameusifu mara nyingi uliipa ngozi nyeusi rangi ya kijivu au ya matope, kwa sababu waliopanga hizo rangi hawakuona umuhimu wa kutafuta nyingine.

Ni mwaka 1966, katika Fantastic Four toleo la 52, ndipo Stan Lee na Jack Kirby walipomleta Black Panther, mfalme wa nchi ya Kiafrika iliyowazidi wageni wake kwa elimu. Hapo pana hatua kubwa. Ila kabla yake tulikuwa tukijisomea kudharauliwa kwetu wenyewe, nasi tukalipa pesa.

Simzuii mtu kupenda. Ninataka tu anayechora Liyongo kwa mtindo huo ajue ni kipi anachokichukua na kipi anachokiacha.

#15 Mchoraji wa Langoni

Mwalimu, hoja hii ni nzito na siwezi kuipita. Ninachokichukua ni namna ya kupanga ukurasa, uzito wa mstari mweusi na ujasiri wa kuacha sehemu tupu. Nyuso ninazichora kutoka kwa watu ninaowaona gatini kila asubuhi, na hakuna hata mmoja anayefanana na michoro ile ya dhihaka. Kuhusu rangi ya ngozi, nimeanza kutafuta mchanganyiko unaobaki ndani ya zile 64 bila kuwa tope: manjano kamili, waridi nusu na samawati robo hutoa hudhurungi ya joto inayonipendeza.

#16 Kijana wa Maweni

Naongezea kwa Mwalimu. Wapo waliojaribu kutuletea shujaa mweusi kwa mkono wa wageni: Powerman, aliyetengenezwa katika miaka ya 1970 kwa wasomaji wa Nigeria, alichorwa na Waingereza wawili vijana, Brian Bolland na Dave Gibbons, ambao baadaye walipata sifa kubwa Marekani. Na wapo waliofanya kazi hiyo hapahapa. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, aliumba katuni ya Akokhan. Ukitafuta nguvu ya mstari mweusi, Bwana Mchoraji, huhitaji kuvuka bahari. Tazama Odoi, mtazame Terry Hirst katika jarida la Joe alilolianzisha na Hilary Ng'weno mwaka 1973, na mtazame Edward Gitau, aliyemchora Juha Kalulu katika Taifa Leo miaka nenda miaka rudi.

#17 Mpenzi wa Tenzi

Nimefuatilia uzi huu kimya, lakini Fumo Liyongo ametajwa nami siwezi kunyamaza. Huyu shujaa wetu wa Lamu ndiye aliyetangulia mashujaa hawa wote. Superman ana jiwe la kryptonite linalomwondolea nguvu. Liyongo hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyeitoa siri hiyo kwa maadui na kumchoma nayo ni mwanawe wa kumzaa, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Nyanza wana Lwanda Magere, mwenye mwili wa jiwe, ambaye udhaifu wake ulikuwa kwenye kivuli chake. Kisa chake kilichorwa katika mfululizo wa Pichadithi hapa Kenya. Jiwe la Superman lenyewe lilianzia redioni mwaka 1943 na likaingia vitabuni mwaka 1949.

Maelezo yangu kuhusu nguvu ya zile picha, kwa hiyo, ni haya: zinatushika kwa sababu hadithi zake ni za kale kuliko karatasi. Mtu asiyeshindika mwenye mahali pamoja pa kushindwa. Ukiwa na kisa cha namna hiyo, hata mchoro wa kawaida utasimama.

#18 Bint Mkomani

Mpenzi wa Tenzi, watu wa Pate wakikusikia ukimwita Liyongo shujaa wa Lamu watakuja na majahazi. Habari zake ni za Pate, Shaka na Ozi, na kaburi lake linaonyeshwa Kipini. Kilicho cha Lamu ni utenzi wenyewe kama ulivyoandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, naye Kijumwa ndiye mtu ambaye nilitarajia Mchoraji angemtaja kabla ya Kirby. Aliandika hati, alichonga milango, alipiga ala za muziki, na kurasa zake za miswada zimepangwa kwa mkono unaojua nafasi tupu ina kazi gani.

Na hoja yako ya kisa siikubali. Kisa cha Liyongo nimekisikia kikisomwa vizuri nikalia, na nimekisikia kikisomwa vibaya nikasinzia. Mkono una kazi yake.

#19 Mpenzi wa Tenzi

Pate wamekwisha kunisikia, dada; mama yangu ni wa Siyu, kisiwani Pate. Kipini nakubaliana nawe.

Bwana Mchoraji, naomba usikiache kile kituko cha mkoma. Maadui walipanga kila mtu apande mti kwa zamu na kuangua makoma, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alitoa upinde akayaangusha makoma kwa mishale kutoka chini. Hiyo ni fremu kubwa, ya ukurasa mzima.

#20 Mchoraji wa Langoni

Hiyo ninayo. Iliyo ngumu kwangu ni ya gerezani: mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake kwa mkono wa kijakazi Saada, naye Liyongo anawaomba wapige gungu kwa sauti, matari na siwa, ili kelele ifunike mlio wa tupa kwenye minyororo. Nitaichoraje kelele inayofunika mlio mwingine? Vitabu vya zamani viliandika sauti kwa herufi kubwa ndani ya picha. Nadhani herufi za ngoma zijaze fremu yote, na mlio wa tupa uwe mdogo kwenye pembe ya chini.

#21 Mama wa Leso

Nimefika nimechelewa, lakini kuna jambo ambalo ninashangaa halijasemwa na watu wa pwani. Jicho letu limefundishwa na kanga. Kanga ina rangi chache zilizo bapa, umbo kubwa katikati linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara, mpaka unaolizunguka, na maneno ndani ya kisanduku chake. Hayo ni jalada la kitabu cha katuni kwa kila hali. Wanaouza kanga Mombasa, kama Kaderdina Hajee Essak walioanza biashara mwaka 1887, walijua kwamba mnunuzi anachagua akiwa mbali, sawa na mtoto aliyesimama mbele ya rafu ya magazeti. Kwa hiyo Bwana Mchoraji anapoona nguvu katika picha za Kirby, huenda anaona kitu alichokizoea mabegani mwa mama yake.

#22 Kijana wa Maweni

Hoja nzuri, Mama, lakini watoto wa Ohio hawakuwa na kanga, na walizipenda vilevile.

#23 Mama wa Leso

Mwanangu, wao walizipenda kwa sababu zao. Aliyeuliza ni mtu wa Langoni.

#24 Baharia Mstaafu

Kabla uzi haujafika mbali, naomba ushauri. Vile vitabu vya kaka yangu vimegeuka rangi ya chai na pembe zinavunjika zikiguswa. Nifanye nini?

#25 Mtunza Karatasi

Ami, karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake kuna lignini inayogeuka manjano kwa mwanga na hewa na kuzalisha asidi inayoila karatasi yenyewe. Rangi iliyokwisha kugeuka hairudi, ila unaweza kupunguza mwendo. Viweke gizani, mbali na ukuta wa nje unaonyonya chumvi na unyevu, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki ya poliesta na nyuma yake kadi isiyo na asidi. Visimame wima kwenye sanduku, na ndani mwake uweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara. Usivianike juani hata kidogo, na usitumie mkanda wa gundi kuunganisha palipochanika, kwa kuwa gundi hiyo huacha doa lisilotoka. Fungua sanduku kila mwezi utazame mchwa na nondo, maana Lamu hawana likizo.

#26 Baharia Mstaafu

Ahsante sana. Mungu akubariki.

#27 Mchoraji wa Langoni

Narudi na matokeo. Nimeuchora ukurasa wa mkoma upya kwa brashi na wino juu ya karatasi, bila penseli nyingi, kama alivyosema Bint Mkomani, na kwa rangi za orodha ya Fundi. Umesimama. Mstari wa upinde una uhai ambao sikuwahi kuupata kwenye kioo. Tatizo langu ni kwamba nilibadilisha brashi na rangi kwa pamoja, kwa hiyo ukurasa huu haunisaidii kuamua kati yenu wawili.

#28 Fundi Chapa (Malindi)

Umechora kwa ukubwa gani? Hadi takriban mwaka 1967 wachoraji wa vitabu hivyo walifanya kazi kwenye karatasi yenye upana na urefu wa karibu mara mbili ya ukurasa uliochapwa, kisha picha ikapunguzwa kwa kamera. Kupunguza huko hukaza mistari na kuficha mtetemo wa mkono. Baadaye karatasi ikafanywa ndogo, na wapo wapenzi wanaoamini kwamba mabadiliko ya picha yaliyofuata yametokana na hilo tu. Chora ukurasa uleule mara mbili, mmoja kwa ukubwa wa kitabu na mwingine mkubwa, uniletee Malindi niupunguze na kuuchapa kwenye karatasi ya gazeti.

#29 Bint Mkomani

Sasa Fundi amehamia kwenye kamera, ilhali ukurasa umesimama kwa brashi. Mchoraji, fanya kama alivyosema, lakini ongeza wa tatu kwenye tableti kwa rangi zilezile 64. Ukisimama na huo, nitakubali kwamba ni rangi.

#30 Mchoraji wa Langoni

Nitafanya zote tatu. Wino wangu mweusi umekwisha na wa hapa Lamu unafifia ukikauka. Anayejua duka la Mombasa au Malindi linalouza wino wa Kihindi usiotoka kwa maji, naomba anielekeze.